Rupia ya Bibi na Mawe Meupe ya Sekenke

Bibi mzaa mama alipofariki, sisi wajukuu tuligawana vitu vichache alivyoviacha pale Bahi: vigoda, vibuyu, vitenge viwili ambavyo havikuwahi kuvaliwa, na kopo la ugoro. Kopo hilo nililipata mimi kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyelitaka. Chini kabisa, ndani ya unga wa tumbaku uliogandamana kama udongo, palikuwa na sarafu moja nyeusi ambayo uzito wake ulinishtua nilipoiweka kiganjani. Niliisugua kwa majivu na ndimu hadi ukajitokeza uso wa mwanamume mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu yake, na upande wa pili maneno ya Kijerumani yanayoitaja Afrika Mashariki, thamani ya rupia 1, mwaka 1911, na herufi ndogo J.

Maelezo ya mama yalikuwa mafupi. Baba yake bibi alibeba mataruma ya reli wakati njia ilipokuwa ikipita Ugogo kuelekea magharibi, akalipwa kwa rupia, nyingi akazitoa kulipia kodi, na hiyo moja ikabaki. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye sarafu haupingani na maelezo hayo. Kilichonisumbua mimi kilikuwa swali jingine, ambalo ndugu zangu waliliona la kitoto: fedha yenyewe, yaani yale madini, ilichimbwa wapi? Nilikuwa nimeamini, bila sababu yoyote, kwamba babu aliyebeba chuma cha Wajerumani alilipwa kwa kitu kilichotoka chini ya miguu yake mwenyewe.

Nadhani sisi tunaozungumza Kiswahili hatuliulizi swali hilo kwa urahisi kwa kuwa lugha imekwisha kulifunika. Fedha ni madini meupe yanayong'aa, neno tulilolichukua kwa Waarabu, na fedha hiyohiyo ndiyo bajeti ya wizara na karo ya mtoto. Pesa ilitujia na sarafu za shaba za Wahindi, na Wajerumani nao mwanzoni waliigawa rupia yao katika pesa 64, hadi mwaka 1904 walipoibadili ikawa ya heller 100. Heller hiyo ndiyo hela tunayodaiana mpaka leo. Mtu anayelalamika kwamba hana fedha, hana pesa wala hela, huwa amezungukia Uarabuni, Bara Hindi na Ujerumani kwa pumzi moja, na mfuko wake bado ni mtupu.

Dodoma si mahali pabaya pa kuanzia utafutaji wa aina hii, kwa sababu taasisi ya jiolojia ya nchi yetu ina makao yake hapa tangu enzi za utawala wa Waingereza. Majibu niliyoyapata kwa kusoma na kwa kuuliza wanaojua mawe yalinivunja moyo kwanza. Herufi J ni alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg. Rupia ile ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 917 ni fedha, lakini ilikuja na meli kama zilivyokuja chuma na kofia ya yule mwenye masharubu. Kuhusu fedha ya ardhi yetu nilielezwa kwamba kwa kawaida haipatikani peke yake. Huja ikiwa imefuatana na mwenyeji. Kule Mpanda ilifuatana na risasi na shaba, katika mgodi uliofanya reli ya tawi ijengwe kutoka Kaliua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mahali pengine hufuatana na dhahabu, imejificha ndani yake, na mtu huigundua kwa rangi tu: dhahabu yenye fedha nyingi hupauka.

Kisha nikakutana na jambo ambalo ndilo hasa lililonitoa nyumbani. Vita vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani na meli za kuleta sarafu hazikufika tena. Watu nao, kwa busara ambayo hakuna benki iliyowafundisha, wakaanza kuzificha rupia za fedha. Serikali ya kikoloni ikachapisha noti za dharura kwa karatasi duni, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Pale zikapigwa heller 20 za shaba, na pale pia ikapigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tai upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, pamoja na herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Kila moja ina uzito wa karibu gramu 7.2, na robo tatu yake ni dhahabu, kwa hiyo nikipiga hesabu kwa kalamu yangu napata zaidi ya kilo 85 za dhahabu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kazi hiyo ikawa imekwisha. Leo sarafu moja ya tembo huuzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola.

Dhahabu ile ilitoka Sekenke, mkoani Singida.

Kwa maneno mengine, sarafu iliyotengenezwa kwa madini ya hapa nchini ilipigwa kwa dhahabu kwa sababu fedha ilikuwa imetoweka, na fedha ilikuwa imetoweka kwa sababu watu kama mama yake bibi waliitia kwenye makopo. Aliitia, na haikumfaa kitu. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya, iliyokuja baada ya majeshi ya pande zote kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mama aliwahi kusema kwamba rupia ile ilinusurika kwa sababu tu hapakuwa na mtama wa kuinunulia.

Tuliondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri, mimi na rafiki yangu anayefundisha historia katika shule ya sekondari, ambaye kwa miaka 15 amewafundisha wanafunzi habari za Sekenke bila kuiona. Safari hadi Singida ni kilomita takriban 240, na sina mengi ya kuieleza, kwa kuwa barabara ni ya lami na msomaji anayeijua anayajua pia majabali ya Singida, vitunguu vya kando ya barabara, madumu ya mafuta ya alizeti na kuku wanaonadiwa madirishani. Tulikula chai Manyoni. Baada ya Singida tulipita Iguguno na Misigiri, inakochepuka njia ya kwenda Kiomboi, na hapo uwanda wa Iramba ukaanza kufika mwisho.

Mwisho huo ndio mlima Sekenke, ingawa kwa anayetoka upande wetu si mlima bali ni ukingo. Nchi inakatika ghafla, barabara inajikunja kuteremka, na mbele yako inafunguka mbuga ya Wembere, tambarare kama ungo, ikipotea kwenye ukungu wa joto. Madereva wa malori wanaujua mteremko huu kwa breki zilizokataa na kwa mabaki ya magari. Mtaje Sekenke mbele ya dereva yeyote wa njia ya Mwanza na atakusimulia ajali. Sijampata hata mmoja aliyenitajia dhahabu. Rafiki yangu alisimamisha gari kileleni, akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo nimelitafakari mara nyingi tangu siku ile: "Mitambo ya kusagia mawe walipitisha wapi?"

Swali lake lina uzito ukikumbuka miaka. Sekenke ilianza kutoa dhahabu mwaka 1909 na inahesabiwa kuwa mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi hii. Mwaka huo reli ilikuwa haijafika hata Dodoma. Lori halikuwapo, barabara haikuwapo. Kila gurudumu, kila bomba na kila nyundo ya chuma ya mtambo ilifika hapa kwa kukokotwa au kubebwa, na anayebeba hakuwa Mjerumani.

Tulilala Shelui, na asubuhi tulianzia ofisi ya kijiji, kama mgeni yeyote anayepaswa kujieleza. Ofisi moja tuliyokuwa tumepita jana yake mjini ilikuwa imetuzungusha muda mrefu kwa ajili ya barua ambayo hapa hakuna aliyeiulizia. Tulikabidhiwa mwenyeji wa kutuongoza, mzee wa Kinyiramba aliyewahi kuchimba kwa miaka mingi na sasa anasimamia duara, yaani shimo la kuchimbia, la mwanawe. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatutazama viatu.

"Nyie wajukuu mmekuja kununua au kutazama?"

"Kutazama tu, babu."

"Kutazama ndiko kunakochosha," alisema, akaongoza njia.

Nchi nyingine zingekuwa zimeweka vibao. Nimesoma jinsi migodi ya kale ya Ulaya ilivyofanywa njia za matembezi, ambako mgeni hukodishiwa kofia na taa, akapita toka kituo hadi kituo akisoma maelezo kwenye mbao, na mwisho akanywa kahawa. Sekenke hakuna kibao. Njia yenyewe ipo, tena imekanyagwa vizuri kuliko njia yoyote ya watalii, kwa kuwa wanaoipita wanabeba viroba vya mawe mgongoni kila siku. Inapanda kati ya miti ya miiba, inapita kwenye malundo ya mawe meupe yaliyooza pembe zake kwa mvua, inayazunguka mashimo. Mzee aliyataja mashimo hayo kwa umri. Hili la juzi, hili la wakati wa Mwinyi, hili la Mwingereza, na lile lenye kuta zilizonyooka, alilozungushia matawi ya miiba kwa mikono yake ili mbuzi wasitumbukie, ni la Mjerumani.

Nilichungulia la Mjerumani nikiwa nimelala kifudifudi, mzee amenishika mkanda wa suruali. Hewa ya baridi ilipanda usoni. Kuta zake zilikuwa zimechongwa, si kubomolewa. Alama za patasi zilionekana bado, mistari midogo ya mshazari, mmoja baada ya mwingine, kwa kina chote ambacho mwanga wa jua ulifika. Katikati ya mwamba wa kijivu ulishuka ukanda mweupe wa mawe, upana wake kama kiganja na nusu, ukazama gizani. Huo ndio mshipa. Miamba ya huku ina umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu; ilipasuka, maji ya moto yakapanda kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu na fedha, yakapoa, na kilichobaki ndicho hicho kinachofuatwa na patasi. Mchimbaji wa mwaka 1909 na wa leo wanafuata ukanda uleule, na wote wawili wanafuata kwa sababu hauwaelezi utaishia wapi.

Mbele kidogo kuna misingi ya saruji iliyopasuka, na skrubu nene za chuma zilizoliwa na kutu zimesimama juu yake kama visiki. Mzee alisema ni ya mtambo wa kusagia. Katika migodi ya zama zile nyundo nzito za chuma zilipanda na kushuka usiku na mchana zikiponda mawe, uji wa mawe ukatiririshwa juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, na zebaki ikaikamata dhahabu. Rafiki yangu alihesabu hatua za msingi ule, akaandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa nikisikiliza sauti iliyotoka upande wa pili wa kilima, sauti ya chuma kuponda mawe, kwa maana nyundo hazijanyamaza. Zimehamia kwenye makarasha ya dizeli ya wachimbaji wadogo.

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Duara la mwana wa mzee lina roda ya mti juu yake, kamba, na ndoo iliyokatwa kutoka kwenye dumu la plastiki. Kuta zimepigwa matimba, yaani magogo ya kuzuia udongo usiporomoke, na vijana hushuka kwa zamu. Mawe yakipanda hupangwa kwa macho kwanza. Mama mmoja alikuwa ameketi kivulini, miguu imenyooshwa, akivunja mawe makubwa yawe kokoto kabla ya kupelekwa kwenye karasha. Alikuwa na pete iliyokatwa kwenye tairi la baiskeli. Anaizungushia kokoto ili zisiruke anapopiga nyundo. Mkono wa kushoto unashika pete, wa kulia unapiga, na kila baada ya mapigo manne au matano anainua pete, anafagia unga kwa ukingo wa kiganja, anaanza tena. Nilimuuliza kama vumbi halimsumbui kifuani. Alisema anajifunga kanga puani likizidi, kisha akaniuliza kama mimi ni wa serikali.

Unga ukitoka kwenye karasha huoshwa kwa maji kwenye ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Chembe nzito hunasa kwenye nyuzi za gunia, nyepesi huenda na maji. Magunia hukung'utwa kwenye karai, zebaki humiminwa, na kijana mmoja akaanza kuikanda kwa vidole vitupu, kwa utulivu wa mtu anayekanda unga wa chapati. Nilishtuka, na sikujizuia kusema. Tanzania imeridhia mkataba wa kimataifa wa Minamata unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe, na vyombo vya kunasa mvuke wake wakati wa kuchoma vipo na si vya gharama kubwa sana. Kijana alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Najua, kaka," alisema. "Hicho chombo kipo kwa jirani, lakini kwake lazima nimwachie na sehemu." Mbinu ambayo Wajerumani waliitumia kwenye mabamba ya shaba ilikuwa ikiendelea mbele yangu kwenye karai la plastiki, na sina hakika ni nani kati ya wale wa zamani na huyu aliyekuwa na haki zaidi ya kulaumiwa. Huyu angalau anaijua hatari na anaibeba mwenyewe.

Walichoma kwa jiko la mkaa, sisi tukikaa upande unaotoka upepo. Kilichobaki kilikuwa kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi, na rangi yake haikuwa ile ya pete za ndoa. Ilikuwa ya njano iliyofifia, karibu na majani makavu ya ngano. Mzee aliiviringisha kwenye kiganja chake akasema neno nililolifuata kilomita zote zile.

"Hii ina fedha."

Alinieleza kwamba ukiipeleka sokoni mjini wataiweka chini ya mashine, na mashine itasoma dhahabu ni kiasi gani na fedha ni kiasi gani. Masoko ya madini yalianza kufunguliwa nchini mwaka 2019, na kabla ya hapo mchimbaji wa huku aliuza kwa jicho la mnunuzi na mizani ya mnunuzi. Mrabaha wa serikali ni asilimia 6, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2017 kutoka asilimia 4, na asilimia 1 nyingine ni ya ukaguzi. Kwa macho ya sheria, dhahabu na fedha ziko kundi moja. Kwa macho ya mzee haziko. "Dhahabu inalipwa," alisema. "Fedha inapunguza tu." Nilicheka, maana ni mara ya kwanza kumsikia mtu akilalamika kwamba mali yake ina fedha ndani yake.

Rafiki yangu alitaka kujua kama kumbukumbu za Wajerumani zimebaki midomoni mwa watu. Zimebaki kwa uchache. Mzee alijua kwamba babu zake walichimba kwa ajili ya kodi, ambayo katika sehemu nyingi za koloni ilikuwa rupia 3 kwa mwaka na haikupokewa kwa mtama wala kwa mbuzi. Alijua pia kwamba eneo jingine la dhahabu mkoani humu linaitwa Kirondatal, lakini hakujua kwamba silabi ile ya mwisho ni neno la Kijerumani lenye maana ya bonde. Mwalimu alipomweleza, alilirudia jina mara mbili akilikata vipande, Kironda, tal, kama mtu anayepima jiwe kwa meno. Kuhusu sarafu ya tembo alikuwa amesikia tu kwamba Mjerumani alifukia nyingine mahali, na kwamba wapo watu waliokuja na mashine za kutafuta, wakachimba usiku, wakaondoka na vifusi vyao. Sikuona sababu ya kumwambia bei za minada.

Jua lilikuwa limeanza kuinamia Wembere tulipoketi juu ya ule msingi wa saruji kupumzika. Nilitoa rupia mfukoni, ambayo nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa tangu Dodoma, nikampa. Hakuitazama kwanza. Aliipima kiganjani, akaihamishia kiganja cha pili, kisha akaidondosha juu ya jiwe jeupe lililokuwa kati ya miguu yake. Ililia sauti nyembamba na ndefu, iliyoendelea kwa muda baada ya sarafu yenyewe kutulia. Vijana waliokuwa kwenye roda waligeuka.

"Hii fedha kweli," alisema. Ndipo akaigeuza, akamtazama yule mwenye masharubu na kofia yake. "Huyu ndiye aliyekuwa akilipa?"

"Ndiye, babu."

"Na ya kwetu ikaenda wapi?"

Nilimweleza habari za Tabora, karakana, tembo na Wabelgiji. Alisikiliza bila kunikatiza, akiisugua rupia kwa kidole gumba, na nilipomaliza aliniuliza kama ninaiuza. Nikasema hapana. Akanirudishia.

"Basi ifunge vizuri," alisema akinyanyuka. "Huku kitu kikidondoka kwenye shimo, anayekiokota ni mjukuu wa mwingine."